Maji Ndani ya Siki

3 Septemba 2012, Nyabiondo

Daftari hili nilipewa kwenye semina ya wauguzi huko Goma, mwezi wa tano. Kurasa kumi za mwanzo ni masomo ya Daktari Archange. Zilizobaki ni zangu.

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Bati la kituo linavuja juu ya kitanda cha kujifungulia, palepale pa mwaka jana. Nimesogeza kitanda.

5 Septemba

Watu wako mashambani wanapanda maharage. Wagonjwa watatu tu, wawili wa malaria, mmoja wa uvivu.

8 Septemba

Kaka yangu Valentin, mwenye duka hapa, amefika na mzigo kutoka Butembo, baada ya majuma saba ya barabara kufungwa. Chumvi, sabuni, betri za redio, na katoni ya siki niliyokuwa namlilia tangu Julai. Chupa kumi na mbili, vifuniko havijaguswa.

"Dada, weye unakunywaka hii vinegre?" akaniuliza mbele ya wateja.

Nimemwambia asipojua kazi yake anyamaze. Anajua vizuri sana. Hapa kwetu siki ndiyo maabara. Mwanamke analala kitandani, nafungua, napaka siki kwenye mlango wa kizazi, nahesabu dakika moja. Palipo na seli zilizoharibika panageuka peupe. Doa dogo nalichoma kwa baridi ya gesi hapahapa, likiwa kubwa anapelekwa Goma akapasuliwe. Kirusi cha saratani hii ya mlango wa kizazi kinakaa miaka kumi mwilini kimya, kwa hiyo anayeonekana mapema anapona. Tangu Juni wanawake wanakuja wenyewe. Naona fahari, siwezi kuficha.

11 Septemba

Leo amekuja Epiphanie wa kilima cha Rusave, mke wa Papa Kanyamibwa. Ndiye anayeongoza akina mama wa kule. Akisema tushuke, wanashuka. Mwezi wa nane aliniletea wenzake, kundi zima, wametembea tangu alfajiri na viatu mkononi kwa ajili ya matope. Mimi nilimpima wa kwanza, nikamwambia yuko mzima, akawageukia wengine akacheka: muone, haiume.

Leo hakucheka. "Mama Muganga, iko damu inatoka. Hata kama siko mu siku zangu."

Nimefungua chupa mpya. Sikuhitaji kuhesabu dakika. Peupe nusu nzima ya mlango, kingo zimevimba, ukigusa panatoka damu. Hiki si kitu cha mwezi mmoja. Kilikuwapo Agosti. Nilikiona hata, wekundu fulani, nikasema ni mchubuko kwa sababu siki haikubadilisha kitu.

Siki haikubadilisha kitu kwa sababu nilikuwa nimeitia maji.

Naandika jinsi ilivyokuwa. Barabara imefungwa, nimebaki na chupa moja, ugani wamekaa wanawake ishirini na watatu waliotembea kutwa. Ningewaambia warudi. Nilichemsha maji, nikaongeza, kikombe kwa kikombe. Kwenye ukurasa wa nne wa daftari hili nimeandika kwa mkono wangu: isichanganywe, ikiwa hafifu haionyeshi. Nilijua. Nilidhani hafifu ni bora kuliko hakuna. Nikawaambia wote ishirini na watatu neno moja: mzima.

12 Septemba

Sijala.

14 Septemba

Nimesoma tena masomo ya Daktari Archange, labda nikitafuta mahali pa kujifichia.

Alitufundisha kwamba seli haigawanyiki kwa kujisikia. Ndani yake kuna protini inayotoa amri ya kugawanyika. Inaongezeka, seli inagawanyika, na hapo protini hiyo lazima iondoke, la sivyo amri haitakoma. Haiondoki yenyewe. Inabandikwa alama, protini ndogo iitwayo ubikitini, moja juu ya nyingine mpaka ziwe kama mkia. Chenye mkia huo kinaingizwa kwenye pipa liitwalo proteazomu, kinakatwa vipande, na vipande vinajengea vitu vingine. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi sana, maana maisha yangu yote nilidhani mwili unakua kwa kuongeza tu. Kumbe nusu ya kazi ni kuvunja, na kuvunja kinachostahili kwa saa yake.

Halafu kuna mlinzi. Wanamwita p53. Siku za kawaida naye anatengenezwa na kuvunjwa, anabaki kidogo. Maandishi ya urithi ndani ya seli yakiharibika, kuvunjwa kwake kunasimama, anajaa, anaizuia seli isigawanyike mpaka itengenezwe, ama anaiambia ife. Kirusi cha mlango wa kizazi hakipigani na mlinzi huyo. Kinaleta protini yake, E6, inayomshika mkono mbandika alama wa seli yenyewe na kumwelekeza: huyu hapa. Seli inamvunja mlinzi wake kwa pipa lake yenyewe, ikidhani inafanya usafi. Baada ya hapo hakuna wa kusema basi.

Daktari alifuta ubao, akatuambia twende kula. Nakumbuka tulikula samaki.

16 Septemba

Nimeketi na Epiphanie na Papa Kanyamibwa. Nimewaambia ni lazima Goma, apasuliwe haraka. Papa Kanyamibwa ni mtu wa maneno machache, anakutazama mdomo kana kwamba neno litatoka na jingine nyuma yake.

"Mwezi ya nane ulisema iko muzima," akasema.

"Sasa imeonekana," nikasema.

Hayo ndiyo niliyosema. Imeonekana. Epiphanie akamgusa mumewe goti, akasema Mama Muganga anajua kazi yake. Wamekubaliana wamalize kupanda kwanza, juma la pili la Oktoba wataondoka. Nimewaandikia barua ya hospitali. Nilitaka waende kesho, lakini sikuwa na uso wa kuwasukuma.

23 Septemba

Mvua ya mawe. Maharage ya bondeni yamelala chini.

1 Oktoba

Wamebaki ishirini na wawili. Lazima wapimwe upya. Kila siku naamka nikisema nitapanda Rusave niwaambie, kila siku kuna mzazi, kuna homa, kuna mvua. Ukweli ni kwamba naona haya. Nikipanda wataniuliza kwa nini.

Nimeandika karatasi. Juu: WANAWAKE WAFUATAO WA RUSAVE WAFIKE NYABIONDO BILA KUKOSA. Chini yake majina, nikinakili kutoka rejista. La kwanza la Epiphanie, nimesahau kumruka. Nimetia jina langu na muhuri. Sababu sikuandika. Nilishika kalamu muda mrefu hapo kwenye sababu.

3 Oktoba

Karatasi amepewa Edmond, dereva wa pikipiki, aibandike kwenye mlango wa kanisa la Rusave.

4 Oktoba

Mvua. Hakuna aliyekuja.

5 Oktoba

Mvua. Hakuna aliyekuja.

6 Oktoba

Hakuna aliyekuja. Leo haikunyesha.

7 Oktoba

Valentin alimleta Edmond asubuhi, amemshika kwapa; alimkuta njiani, akijikokota tangu tarehe tatu. Jicho moja limefungika, meno mawili hayapo, na mkono wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko. Nilimfunga mbao huku nikiuliza nani. Vijana wa Rusave, akasema. Pikipiki waliichoma.

"Juu ya nini?"

Edmond alinitazama na jicho lililobaki. "Juu ya karatasi yako, Mama. Njo ile."

Valentin akanitoa nje. Kaka yangu ana maskhara wakati wote, hata msibani. Leo alizungumza polepole kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Blandine, uliandika nini?"

"Majina ya wagonjwa."

"Uliandika 'wagonjwa'?"

"Sikuandika."

"Majina makumi mbili na tatu. Bote ba kilima moja, ba kabila moja, na chini yake jina yako, weye Munande, muntu ya kabila ingine. Hapana sema sababu, sema tu bafike. Na muhuri. Weye uko mu Masisi myaka kumi na mbili. Hapa liste ya majina iko nini?"

Najua ni nini. Kila mtu anajua. Kabla kijiji hakijaingiliwa, karatasi inatangulia. Mtu anaikuta mlangoni au njiani, majina kumi, majina ishirini, na wenye majina wanakuwa wamekwisha. Nimewashona watu waliochelewa kuisoma. Na mimi, muuguzi, nimekaa mezani nikaandika moja, nikaipiga muhuri, nikambandikisha kijana wa watu.

Rusave yote imehama. Si wale ishirini na watatu tu; nyumba zote. Waliondoka siku ileile ya tarehe tatu, wakiwa na vyungu na mbuzi, kuelekea magharibi, msitu wa Walikale. Epiphanie alikuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa hiyo Papa Kanyamibwa alimtoa wa kwanza.

Anavuja damu na yuko njiani kwa miguu. Barua yake ya Goma ilikuwa ya juma lijalo.

9 Oktoba

Nilitaka kuwafuata. Valentin alikaa mlangoni. Alisema wakiniona wataniua.

12 Oktoba

Moshi Rusave tangu asubuhi. Kilima kitupu hakikai kitupu. Wenye bunduki wameingia, sijui wa upande gani, na hata nikijua siandiki. Wanachoma nyumba, na maharage watavuna wengine. Kwa hiyo waliokimbia sasa watasema: muliona, ile liste ilikuwa ya kweli. Nitawaambia nini?

13 Oktoba

Edmond ameomba chumvi kwenye uji. Nimefurahi.

19 Oktoba

Nimeng'oa ukurasa wa Agosti kwenye rejista nikautia motoni. Kabla ya hapo nilikariri majina ishirini na mawili kwa siku nne, kama tulivyokariri mito darasani. Nayasema nikifua. Katika daftari hili sitaandika hata moja ila kwa ruhusa ya mwenyewe.

2 Novemba

Mama mmoja mzee aliingia leo na mzigo wa kuni, akauweka chini, akasimama mbele yangu.

"Miye ni Nyiransabimana. Uliandika jina yangu juu ya nini?"

Nilipomwomba ruhusa ya kuliandika hapa alisema andika tu, nimezeeka, nani atanitaka.

Alikuwa ametembea siku tatu kutoka Buleusa peke yake, kwa njia za wawindaji, ili aniulize swali hilo. Nikamwambia. Siki, maji, kikombe kwa kikombe. Ilikuwa mara ya kwanza kuitoa mdomoni. Nilimweleza na habari ya kirusi pia, jinsi kinavyoelekeza alama kwa mlinzi wa nyumba. Sijui kwa nini. Labda nilitaka aone kwamba nimesoma.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ulijua hii yote," akasema. "Ulijua namna alama inaua muntu haina kosa. Na bado uliibandika."

Nilifungua chupa mpya ya siki.

"Ungeandika tu," akaendelea. "Ungeandika: nilitia mayi mu vinegre, mukuye. Tungekutukana. Halafu tungekuya."

Akapanda kitandani mwenyewe. Doa lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Nimelichoma kwa gesi. Alipofunga kitenge chake aliniambia Epiphanie yuko Buleusa, nyuma ya jiko la watu, na kwamba nisiende na karatasi yoyote.

3 Novemba

Mama Nyiransabimana amekubali kunipeleka. Lakini amezuiwa kutembea mpaka apone. Mimi ndiye niliyemzuia. Majuma matatu.

10 Novemba

Mvua.

15 Novemba

Mvua. Namba sita na namba saba kwenye orodha ya kichwani zinanichanganya, ni dada wawili.

20 Novemba

Redio imesema Goma imechukuliwa na waasi. Valentin amefunga duka. Barua yangu ya hospitali, popote ilipo, haina tena mahali pa kwenda.

24 Novemba

Tumeondoka. Chupa mbili za siki, chombo cha kupimia, dawa za maumivu, chumvi. Daftari hili nimelishona ndani ya kitenge. Mama Nyiransabimana ametangulia, hageuki nyuma.

26 Novemba

Vizuizi vitatu. Kwenye kizuizi cha pili walifungua begi, wakanusa chupa. "Iko pombe?" Mama Nyiransabimana akawaambia ni dawa ya wanawake, wakairudisha haraka.

27 Novemba, Buleusa

Nimemwona.

Harufu ilinikuta kabla ya kuinama mlangoni. Amelazwa juu ya majani ya migomba, amepungua hata nisingemjua, macho meupe ndani ya kope. Amevuja damu majuma kumi na moja. Papa Kanyamibwa alisimama aliponiona, akashika panga lililokuwa ukutani. Mama Nyiransabimana akasema kwa Kinyarwanda maneno mawili matatu. Hakuliweka chini, ila alikaa.

Nilimpima kwa mikono tu, siki haihitajiki tena. Saratani imeshatoka kwenye mlango wa kizazi, imeingia ubavuni. Hata kama Goma ingekuwa wazi, hata kama ningekuwa na gari hapo nje, asingepona. Agosti je? Nimejiuliza njia nzima. Labda Agosti ingewezekana. Septemba labda. Hakuna atakayenijibu, na hilo nitakaa nalo.

Nimepiga magoti nikamwambia. Siki. Maji. Halafu karatasi, na mahali pa sababu nilipopaacha wazi kwa sababu ya haya.

Aligeuza kichwa taratibu, akanitazama.

"Miye njo nilibaleta," akasema. "Niliwaambia haiume."

"Ndiyo."

"Umepata bangapi?"

"Nyiransabimana. Na wawili hapa Buleusa, nitawapima kesho."

"Bengine?"

"Sijui waliko."

Akafumba macho. Papa Kanyamibwa alikuwa anamtazama yeye, si mimi, na panga lilikuwa limelala mapajani. Nilianza kusema nisamehe. Epiphanie akanyanyua kidole, kimoja tu.

"Acha hiyo. Kamata kazi. Bamama bane bako Itebero, bamefuata bwana zao benye kubeba mizigo. Batakukimbia. Ukifika, useme Epiphanie njo alikutuma. Batakaa."

28 Novemba

Nimewapima wawili. Mmoja mzima, mzima kweli. Mmoja doa. Gesi iko Nyabiondo, nimemwambia aende na Nyiransabimana, aningojee huko. Alikubali.

30 Novemba

Nampa dawa ya maumivu nusu nusu ili ifike mbali. Nilipoandika neno hilo, nusu, mkono ulisimama. Kisha nikampa nzima.

2 Desemba

Mvua. Papa Kanyamibwa ameniletea kiazi kitamu kilichochomwa.

4 Desemba

Epiphanie amefariki saa nne asubuhi. Mumewe na mimi tulimwosha. Tumemzika kando ya shamba la watu ambao hakuwajua. Hakuna msalaba wenye jina. Papa Kanyamibwa alikataza jina lisiandikwe popote. Nimemwelewa. Hapa nimeliandika kwa sababu alinipa mwenyewe nilitumie.

5 Desemba

Naelekea Itebero. Papa Kanyamibwa amenisindikiza hadi mtoni. Aliniuliza jambo moja tu: kama angepasuliwa Septemba, angepona? Nilisema sijui. Akatikisa kichwa, akarudi.

9 Desemba

Msitu. Miguu imevimba. Nayasema majina nikitembea: kumi na tisa wamebaki.

12 Desemba

Mvua. Chupa moja imepasuka. Sitaongeza kitu kwenye iliyobaki.

15 Desemba, Itebero

Niliwakuta wanne mtoni wanaosha mihogo. Mmoja alinitambua, akaacha beseni likachukuliwa na maji, akaanza kupanda ukingo, na wengine nyuma yake. Nilipiga kelele jina la Epiphanie. Nilisema ndiye aliyenituma. Wakasimama palepale kwenye tope, mbali, tayari kuondoka.

Yule wa kwanza akauliza, "Epiphanie iko muzima?"

Neno lilelile nililowapa Agosti, wote ishirini na watatu. Niliweka begi chini, nikawaonyesha mikono yangu mitupu, haina karatasi.

"Hapana," nikasema. "Alikufa. Mukae nibaambie juu ya nini. Nilitia mayi mu vinegre."